Maskini na Mlango wa Dharura

Majumba ya ghorofa ya Nyayo Highrise, mjini Nairobi, yamesimama katika ardhi ya Kibera, karibu na nyumba za mabati zilizosongamana. Hospitali ya Taifa ya Kenyatta haiko mbali. Usiku wa manane huletwa huko wagonjwa kutoka vichochoroni: mtoto aliyeishiwa na maji kwa kuhara, au mzee aliyepooza kwa shinikizo la damu. Wengi walianza kuugua siku nyingi kabla. Mbona hawakutafuta tiba mapema? Wako wasemao kuwa ni ujinga. Historia yatufundisha vingine.

Kibera ilianza mapema katika karne ya 20, Wanubi waliokuwa askari wa jeshi la King's African Rifles waliporuhusiwa kukaa humo. Ruhusa walipewa, hati za ardhi hawakupewa. Na mahali ambapo wakaaji huhesabiwa kuwa wapitaji, serikali haiharakishi kujenga zahanati. Watu wakaongezeka, huduma zisiongezeke.

Baada ya uhuru, mwaka 1965, serikali iliondoa ada ya shilingi 5 waliyotozwa wagonjwa wa nje. Lakini Desemba 1989 ada zilirudi. Katika kliniki moja ya maradhi ya zinaa mjini Nairobi, mahudhurio ya wanaume yalishuka hata kufikia kama asilimia 40 ya yale ya awali, na ya wanawake asilimia 65. Maradhi hayakupungua, waliopungua ni waliojitokeza kutibiwa. Ada hizo zilisimamishwa mwaka 1990, zikarejeshwa kuanzia 1992, zikapunguzwa mwaka 2004 kuwa shilingi 10 katika zahanati na 20 katika vituo vya afya, hata zikafutwa humo mwaka 2013.

Je, ada ikifutwa gharama imekwisha? La. Kibarua alipwaye kwa siku, akishinda katika foleni, watoto wake hulala njaa. Zahanati nyingi hufungwa jioni, saa ile ile arudipo kazini. Pengine huandikiwa dawa akanunue dukani kwa fedha yake. Basi hununua vidonge viwili vitatu, akangoja. Hesabu yake ni sahihi kwa siku moja, lakini mwisho wake ni deni kubwa, au kaburi.

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, yasema kuwa mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Sheria hiyo ni njema. Hata hivyo, mlango huo humpokea mgonjwa akiwa taabani, na kumtibu wakati huo ni kazi ngumu na ghali kuliko ile ambayo ingefanywa mapema kwa dawa kidogo.

Wahenga walinena: usipoziba ufa utajenga ukuta. Tumezoea kumwambia mgonjwa maneno hayo. Lakini kwa miaka mingi udongo wa kuzibia ufa wa Kibera ulikuwa mikononi mwa wengine. Hao ndio wa kuambiwa kwanza.