Moto wa Tanuri na Moto wa Jiko: Historia ya Nishati katika Nchi ya Kambove

Historia ya nishati huelezwa mara nyingi kwa mfano wa ngazi: taifa hupanda kutoka kuni hadi makaa ya mawe, kisha hadi mafuta na umeme, na kila daraja jipya huliacha nyuma lile lililotangulia. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba historia ya Kambove, na ya Katanga kwa jumla, haiafikiani na mfano huo. Katika nchi hii kila nishati mpya ililetwa kwa ajili ya madini, na nishati ya kale haikutoweka. Iliondoka katika tanuri ya shaba ikahamia jikoni.

Kabla ya ukoloni, shaba ya Katanga iliyeyushwa kwa makaa ya miti ya miombo. Wakati wa kiangazi wachimbaji walikusanya mawe ya kijani yenye shaba, wakajenga tanuri kwa udongo wa kichuguu, na kuchochea moto kwa mivukuto ya ngozi. Mafundi hao, ambao Askofu Jean-Félix de Hemptinne aliwaeleza katika maandishi yake ya mwaka 1926, walijulikana kama «wala shaba». Misalaba ya shaba waliyoitengeneza ilienea mbali kwa njia ya biashara, na utawala wa Msiri huko Bunkeya ulijitajirisha kwayo hadi alipouawa tarehe 20 Desemba 1891. Katika mfumo huo, mti uleule ulipikia ugali na kuyeyushia shaba.

Mfumo huo ulivunjwa na reli. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na kiwanda cha kuyeyushia shaba kikaanza kazi mwaka 1911. Tanuri zake zilihitaji koki, na koki hiyo ilitoka hasa Wankie, katika Rhodesia ya Kusini. Reli ilipofika Kambove mwaka 1913, mawe ya mgodi wake yalianza kusafirishwa kwenda kuyeyushwa Lubumbashi kwa moto ulionunuliwa ugenini. Makaa ya mawe ya Luena, yaliyochimbwa Katanga kwenyewe tangu miaka ya 1920, yalisaidia kuendesha mitambo, lakini hayakuuondoa utegemezi huo.

Jibu la kampuni lilikuwa maji. Kusafisha shaba kwa nguvu za umeme, kazi iliyoanzishwa katika kiwanda cha Shituru huko Likasi, kulidai umeme mwingi usiokatika. Kwa hiyo bwawa la Mwadingusha lilijengwa juu ya mto Lufira, likaanza kutoa umeme mwaka 1930. Lilifuatwa na Koni mwaka 1950 juu ya mto huohuo, kisha Nzilo mwaka 1952 na Nseke mwaka 1956 juu ya Lualaba. Mwisho wa miaka ya 1950, kabla ya Kariba kuanza kazi, Katanga ilikuwa ikiuza umeme kwa migodi ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo ni Zambia ya leo.

Katika eneo hilohilo la Kambove upo mgodi wa Shinkolobwe. Urani yake iligunduliwa mwaka 1915. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkurugenzi wa Union Minière, alipeleka New York zaidi ya tani 1,000 za mawe yake, na Marekani ikayanunua kwa kazi ya bomu la atomiki lililoangukia Hiroshima mwaka 1945. Mwaka 1959 kinu cha kwanza cha nyuklia barani Afrika kiliwashwa katika Chuo Kikuu cha Lovanium, mjini Léopoldville, lakini kilikuwa cha utafiti tu. Urani ya Shinkolobwe haikuwasha taa hata moja Kambove.

Baada ya uhuru, dola ilichukua mabwawa na migodi, ila haikubadili mwelekeo. Union Minière ilitaifishwa mwaka 1967, na mali yake ikawa ya Gécamines. Shirika la umeme la taifa, SNEL, liliundwa mwaka 1970. Inga ya kwanza ilianza mwaka 1972 na ya pili mwaka 1982. Kutoka huko njia ya umeme ya kilometa 1,700 hivi ilivutwa hadi Kolwezi kwa ajili ya viwanda vya shaba. Umeme wake ni wa mkondo mnyoofu, wa volti laki tano, ambao hauwezi kuchotwa njiani pasipo vituo ghali vya kuubadilisha. Kwa sababu hiyo nyaya zilipita juu ya vijiji vingi bila kuviangaza.

Lugha nayo imehifadhi ushahidi wa historia hii. Nishati iliyotoka chini ya ardhi ilipewa jina la ile ya zamani: makaa ya mawe. Na umeme, kabla ya kuwa wa nyaya, ulikuwa radi ya mbinguni. Katika Kiswahili cha Katanga neno «makala» bado humaanisha kwanza mkaa wa kupikia, kwa maana ndio moto unaotumika nyumbani kila siku.

Leo takribani Mkongo mmoja kati ya watano ndiye anayepata umeme. Mwadingusha ilikarabatiwa na kuwashwa upya mwaka 2021, ikiwa na megawati 78, kwa ushirikiano wa SNEL na kampuni ya madini. Migodi inanunua umeme hata Zambia, nchi iliyouziwa zamani. Wakati huohuo baiskeli na malori yaliyojaa magunia ya makala huingia Lubumbashi na Likasi kutoka mbali zaidi mwaka hadi mwaka, kwa sababu miombo ya karibu imekwisha kukatwa.

Ni dhahiri, basi, kwamba msitu unalipa deni la jikoni ambalo mabwawa hayakulipa. Mwanahistoria anayehesabu megawati pekee ataona maendeleo yasiyokatika tangu 1930. Akihesabu na magunia, ataona kwamba karibu karne nzima ya umeme haijamwondolea mama wa Kambove kazi ya kuwasha makala. Mpango wowote wa bwawa jipya wapaswa kupimwa kwa hesabu zote mbili.