Sanduku nyekundu ilianzia wapi

Ndugu wanachama, na ninyi wafadhili wetu mulio mbali,

Kuna swali linazunguka katika vikundi vyetu vya Muso: kwa nini tuendelee kutia feza katika sanduku nyekundu, wakati ile ya kijani inazaa faida na nyekundu hairudishi kitu? Wengine wanataka tuziunganishe. Mbele ya kupiga kura, tukumbuke tulikotoka.

Wakati wa Mobutu kulikuwa salongo. Kila mtu alitoka na jembe ao panga kufyeka barabara, na asiyetoka alijua kitakachomkuta. Ilikuwa kazi ya wote, lakini sisi hatuwezi kuiita kutoa. Kando yake kulikuwa likelemba: watu kumi wanachanga, mmoja anabeba yote, zamu inazunguka. Likelemba ni nzuri, imelipia watoto masomo. Ila mule kila mtu anajua siku yake. Anatoa huku anahesabu.

Kisha vita ya 1996, na ile ingine ya 1998. Tulivuka ziwa Tanganyika, tukashuka Kigoma, tukapelekwa Lugufu na Nyarugusu. Kule tuligeuka watu wa kupokea. Unga wa mahindi, maharagi, mafuta, chumvi, vyote kwa kadi. Hatusemi vibaya, ule unga ulituponyesha. Lakini kusimama kwenye mstari miaka na miaka kunamfanyia mtu kitu. Mzee aliyekuwa na mihogo na mbuzi wa kukaribishia wageni, sasa anangojea jina lake liitwe. Na tulioishi mule tunakumbuka mama waliopunguza kikombe cha unga katika posho isiyotosha, wakampelekea jirani aliyefiwa. Hawakupangwa na mtu. Kuna waliowacheka. Kwetu sisi, pale njo sanduku nyekundu ilianzia, hata kama sanduku yenyewe haikuwako.

Oktoba 2005 HCR ilianza kuturudisha kwa meli, Kigoma mpaka Baraka. Lugufu ikafungwa 2009. Huku nyumba zilikuwa zimeanguka, na mashamba mengine tulikuta watu wanalima. Muso ilipotufikia hatukuhitaji mafundisho marefu. Kijani ni ya mikopo: unakopa, unarudisha na faida kidogo. Nyekundu ni ya kusaidiana, kilio, ugonjwa, mama aliyezaa kwa shida, na haidaiwi. Buluu ni ya feza inayotoka inje. Wafadhili, buluu njo ninyi. Tunawashukuru sana, lakini ninyi wenyewe munajua buluu inakuja na kukauka. Aprili 2020, maji ya Mulongwe yalipobomoa nyumba za watu kule Uvira, nyekundu ilifunguliwa kesho yake. Buluu ilikuwa ingali inangojea barua.

Kuna mama mmoja kati yetu, mchuuzi wa ndagala. Anatia franka 500 kila juma, na tangu aingie hajapata kusaidiwa hata mara moja. Tulimuuliza kama haoni hasara. Akatujibu: «Kule kambini jina langu lilisomwa ili nipewe. Hapa linasomwa kwamba nimetoa. Munataka munirudishie nini tena?»

Wale wanaotaka kuunganisha si watu wabaya, na hesabu yao iko sawa: feza iliyolala haizai. Tatizo ni siku ya kilio. Sanduku zikiwa moja, aliyefiwa atapewa mkopo, na atatoka makaburini akiwa na deni na tarehe ya kulilipa. Kwa hiyo sisi wa komite tunapendelea nyekundu ikae peke yake, hata ikiwa ndogo.

Kura itapigwa kwenye mkutano mkuu. Waandishi wa vikundi walete daftari zote mbili, ya kijani na ya nyekundu. Tutazisoma mbele ya wote, jina kwa jina, kisha kila mtu atanyoosha mkono.