Gurudumu la akiba: Jinsi ya kulifunga kwenye trela la kambi katika milima ya Kisii na Nyamira

MSAFIRI anayetoka Kisumu kuelekea hifadhi ya Maasai Mara anaweza kupitia Kisii, Kilgoris na Lolgorian hadi lango la Oloololo. Baadhi ya wanaoifuata njia hiyo hukokota trela dogo lililobeba hema, pipa la maji, jiko la gesi na chakula cha siku kadhaa. Mara nyingi wenye matrela haya hukumbuka kila kitu isipokuwa kuamua kwa makini mahali pa kufunga gurudumu la akiba.

Wengi hulifunga palipo na nafasi. Kwenye lami tambarare kosa hilo huenda lisionekane. Katika miteremko ya Manga, Keroka au Nyamira, gurudumu lililofungwa mahali pasipofaa laweza kulifanya trela liyumbe na kulivuta gari kando. Nalo lililofungwa kwa bolti dhaifu laweza kung'oka na kubiringika hadi walipo watembea kwa miguu, ambao katika kaunti hizi hujaa kandokando ya barabara asubuhi na jioni.

Hali ya nchi

Mji wa Kisii uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na baadhi ya sehemu za Nyamira hupita mita 2,000. Mvua katika sehemu kubwa ya kaunti hizi huzidi milimita 1,500 kwa mwaka, na miezi ya kiangazi ni michache. Udongo mwekundu unaostawisha chai na ndizi huteleza mno unapolowa.

Aidha, barabara za udongo zinazoelekea viwanda vya chai kama vile Kebirigo, Nyansiongo, Sanganyi, Tombe na Kiamokama hupitiwa na malori mazito. Malori hayo huchimba mitaro miwili ya magurudumu na kuacha tuta katikati. Tuta hilo ndilo adui wa kitu chochote kinachoning'inia chini ya trela.

Linganisha magurudumu kwanza

Kabla ya kufikiria mahali pa kulifunga, hakikisha gurudumu lenyewe litafaa. Lililo bora ni trela na gari kutumia rimu na tairi za aina moja, ili msafiri awe na magurudumu mawili ya akiba yanayoweza kubadilishana.

Usihesabu matundu ya rimu pekee. Pima pia kipenyo cha duara linalopita katikati ya matundu hayo. Toyota Hilux zinazovuta kwa magurudumu yote manne kwa kawaida zina matundu sita kwenye duara la milimita 139.7. Land Cruiser za pikapu aina ya 79 zina matundu matano kwenye duara la milimita 150. Land Rover Defender za zamani nazo zina matano, lakini duara lake ni milimita 165.1. Kwa hivyo rimu mbili zenye matundu matano kila moja zaweza kukataa kabisa kubadilishana.

Angalia umri wa tairi pia. Ubavuni mwake huwa na tarakimu nne zinazoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa. Kwa mfano, 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Tairi la akiba huzeeka kwa jua hata kama halijawahi kugusa barabara.

Hesabu ya uzani

Gurudumu la gari la aina hii, pamoja na rimu yake ya chuma, laweza kufikia kilo 40. Uzani huo hufanya kazi kama mtoto aliyeketi kwenye ubao wa pembea: kadiri akaavyo mbali na katikati, ndivyo anavyouinamisha ubao. Katikati ya trela ni ekseli yake.

Chukua mfano wa trela la kilo 800 ambalo mkono wake wa mbele, yaani sehemu inayounganishwa na gari, hulikandamiza gari kwa kilo 60. Umbali kutoka ekseli hadi kiungo cha gari ni mita 3. Ukilifunga gurudumu la kilo 40 nyuma ya trela, mita 1.5 kutoka ekseli, utapunguza mkandamizo huo kwa kilo 20. Utabaki na kilo 40, ambazo hazifiki asilimia 5 ya uzani wote wa kilo 840.

Ukilifunga juu ya mkono wa trela, mita 2 mbele ya ekseli, utaongeza takriban kilo 27. Mkandamizo utakuwa kilo 87, ambazo ni kama asilimia 10. Hivyo gurudumu lilo hilo limeleta tofauti ya kilo 47 kwa kuhamishwa tu.

Kwa matrela ya njia mbovu, mkandamizo unaokaribia asilimia 10 ndio unaopendekezwa na mafundi wengi. Ukipungua sana, mkia wa trela huanza kuyumba, hasa linaposhuka mlima na kulisukuma gari kutoka nyuma. Ukizidi kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha gari, magurudumu ya mbele ya gari hupungukiwa na uzani na usukani hulegea.

Kupima si kazi ngumu. Egesha trela lililopakiwa kikamilifu mahali tambarare, zuia magurudumu yake, kisha ning'iniza mkono wake kwenye mizani ya ndoano mfano wa ile itumiwayo kupimia majani chai, mradi iwe na uwezo wa kutosha. Mkono uwe katika kimo kile kile unapounganishwa na gari.

Mahali panapofaa

Mahali pa kwanza pa kufikiriwa ni juu ya mkono wa trela, karibu na sanduku. Hapo gurudumu hukaa chini, huonekana, na hulinda sehemu ya mbele dhidi ya mawe yanayorushwa na gari. Sharti ni moja: lisizuie gari kukata kona. Geuza gari kulia hadi mwisho, kisha kushoto, halafu lipitishe kwenye bonde dogo ambapo gari na trela hukunjana. Bampa lisiguse tairi. Breki ya mkono ya trela nayo iweze kuvutwa bila kizuizi.

Mahali pa pili ni ubavuni. Hapa upande mmoja utazidi kwa kilo 40, kwa hivyo weka pipa la maji au mtungi wa gesi upande wa pili. Kumbuka kwamba maji hupungua safarini ilhali gurudumu halipungui.

Nyuma ni mahali pa mwisho. Wanaolazimika kulifunga huko wasogeze mizigo mizito mbele ya ekseli na wapime upya mkandamizo. Gurudumu lisifunike taa wala nambari ya usajili. Nchini Kenya trela husajiliwa peke yake na hupewa nambari inayoanza kwa herufi Z.

Chini ya trela hapafai katika barabara za udongo za Kisii na Nyamira. Tuta la katikati ya barabara litalikwaruza gurudumu, na siku ya pancha utalazimika kulala matopeni ili kulifungua.

Namna ya kulifunga

Kishikio kifungwe kwenye fremu ya trela, si kwenye bati la sanduku. Bati hupasuka kwa mtikisiko wa siku chache tu. Bomba la chuma la mraba la milimita 50 lenye unene wa milimita 3 linatosha kwa mguu wa kishikio. Juu yake walehemu bamba la unene wa milimita 6, lililotobolewa kulingana na matundu ya rimu. Tumia nati tatu kulikaza gurudumu, au mbili kwa uchache. Nati moja katikati haitoshi.

Kwenye mkono wa trela, epuka kutoboa uso wa juu au wa chini wa chuma, kwa kuwa hapo ndipo nguvu za mpindo hukusanyika na ufa huanzia. Ni heri kutumia bolti zilizopindwa mfano wa herufi U zinazokumbatia chuma bila kukitoboa. Bolti ziwe za milimita 12, zenye alama 8.8 kichwani zikiwa za kawaida, na nati ziwe za aina isiyojilegeza.

Kabla ya fundi kuwasha mashine ya kulehemu, toa mtungi wa gesi na madebe ya mafuta, na uyapeleke mbali. Chomoa pia waya wa umeme unaounganisha trela na gari. Kazi ikiisha, paka rangi ya kuzuia kutu kila palipolehemiwa au kukwaruzwa, maana mvua za huku hazisamehe chuma kilicho wazi.

Kaza nati zote upya baada ya kilomita 50 za kwanza, na uzikague kila asubuhi ya safari. Mnyororo na kufuli huzuia wezi, na zaidi ya hayo huwa kinga ya pili endapo kishikio kitavunjika.

Siku ya pancha

Tafuta mahali tambarare kabla ya kusimama, hata kama ni kwa kujikongoja polepole. Usilitenganishe trela na gari. Weka mawe au vipande vya mbao kwenye magurudumu yote yaliyo chini, na usimamishe pembetatu za kuakisi mwanga mbele na nyuma, mbali kiasi cha dereva anayekuja kuziona mapema. Jeki ikae juu ya ubao mpana, kwa kuwa udongo uliolowa huimeza.

Legeza nati kabla ya kuinua, na uzikaze kikamilifu baada ya kushusha. Kisha pima upepo wa gurudumu lililowekwa. Tairi la akiba lisilo na upepo ni mzigo wa kilo 40 usio na faida, nalo hugunduliwa wakati giza limeingia na kituo cha mafuta kiko mbali. Lipime kila unapoyapima mengine, kabla ya kuondoka nyumbani.