Ninakumbuka, Lakini Nini?

Katika kibanda cha kinyozi wangu, juu ya kioo, kimetundikwa kibao cha namba ya gari. Ni bati jeupe lenye herufi za samawati. Juu pameandikwa Québec, na chini yapo maneno matatu: "Je me souviens". Kinyozi alipewa na mteja aliyerudi kutoka Kanada, akakifanya pambo. Kila aliyeuliza aliambiwa kuwa hilo ni jina la kampuni ya magari.

Juma lililopita alikaa kitini mzee mmoja wa Bujumbura ajuaye Kifaransa. Akainua macho, akasoma: "Ninakumbuka." Kinyozi akasimamisha mkasi. "Anakumbuka nini, mzee?" Mzee akacheka. "Hawakuandika."

Swali hilo si la kinyozi peke yake. Watu wa Quebec wenyewe wamelibishania miaka mingi.

Quebec ni jimbo la Kanada ambalo wakazi wake wengi husema Kifaransa. Mji wa Quebec uliasisiwa na Mfaransa Champlain mwaka 1608. Tarehe 13 Septemba 1759, nje ya kuta za mji huo, Waingereza waliwashinda Wafaransa katika mapigano yasiyotimiza hata saa moja. Majemadari wote wawili, Wolfe wa Uingereza na Montcalm wa Ufaransa, walipata majeraha yaliyowaua. Kwa mkataba wa mwaka 1763, Ufaransa ikaiachia Uingereza koloni hilo. Wananchi wakabaki na lugha yao chini ya bendera ya wengine.

Miaka 120 ikapita. Mwaka 1883 Eugène-Étienne Taché, msanifu wa jengo la Bunge la Quebec, aliyaweka maneno hayo matatu katika michoro yake, yachongwe juu ya mlango mkuu. Hakueleza maana yake. Baadaye wapo waliodai kuwa ni kipande tu cha maneno marefu zaidi, yanayomtaja mtu aliyezaliwa chini ya yungiyungi, ua la Ufaransa, akakulia chini ya waridi, ua la Uingereza. La hasha. Hiyo ilikuwa kaulimbiu nyingine, ambayo Taché aliibuni miaka mingi baadaye.

Lakini jengo lenyewe linasema kitu. Mbele yake zimesimama sanamu za wenyeji wa asili, za Wafaransa, ya Montcalm, na hata ya Wolfe, yule mshindi. Kumbukumbu ya ukuta ule haikuchagua upande mmoja.

Sasa maneno hayo yalifikaje kwenye magari? Zamani vibao vya Quebec viliandikwa kwamba hilo ni jimbo zuri, maneno ya kuvutia watalii. Mwaka 1976 chama cha René Lévesque, kilichotaka Quebec ijitenge, kilishinda uchaguzi. Mwaka 1977 ikapitishwa sheria ya kukilinda Kifaransa. Mwaka 1978 uzuri ukafutwa kwenye vibao, ikaandikwa kumbukumbu.

Tangu hapo kila mwenye gari hubeba maneno hayo, apende asipende. Mmoja huyasoma akaona kushindwa kwa 1759. Jirani yake huyasoma akaona historia yote, ya mshindi na ya mshindwa. Mwaka 1980 walipiga kura ya kujitenga, wengi wakakataa. Mwaka 1995 wakapiga tena, na waliokataa walikuwa asilimia 50.58 tu. Wote walikwenda kupiga kura wakiwa na bati lile lile nyuma ya gari.

Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa, na watu wa Quebec wameishika lugha yao. Nawasifu kwa hilo. Lakini neno "nakumbuka" ni kama kapu: ukilibeba bila kuchungulia, mwingine atakutilia mzigo wake. Basi akija mtu kutuhimiza tusisahau, kabla ya kumpigia makofi tumwulize kama kinyozi: tusisahau nini? Na nani umemwacha nje ya kumbukumbu hiyo?