Kadi zilizotupwa baharini

Mwaka 1952, kampuni Topps ya Brooklyn, Marekani, ilitoa kadi 407 za wachezaji wa besiboli, zikiuzwa pamoja na chingamu. Fungu la mwisho lilifika madukani msimu ukielekea kuisha, watoto hawana hamu nazo tena. Sy Berger, aliyezibuni, alisimulia kwamba alizitembeza hata kumi kwa senti moja, wakazikataa. Mwaka 1960 hivi akazipakia chomboni, akazimwaga katika Atlantiki. Na zile za majumbani? Akina mama wengi walizitupa watoto walipokua, nani angejua? Agosti 2022, moja ya Mickey Mantle, namba 311, iliuzwa dola milioni 12,6. Ilitoka katika shehena iliyokutwa Massachusetts mwaka 1985, kadi bado mpya kabisa.