Mchoraji Aliyetia Nyota Katika Jina Lake

Leo tutasoma habari za Judith Leyster, mwanamke wa Uholanzi aliyefanya kazi ya kuchora picha.

Judith alizaliwa mwaka 1609 katika mji wa Haarlem. Baba yake alikuwa na kiwanda cha pombe kilichoitwa Leyster, maana yake nyota iongozayo mabaharia. Nalo likawa jina lao. Baadaye baba alifilisika. Judith akachora watu wa kawaida: mtoto apigaye filimbi, mwanamke ashonaye kwa mwanga wa taa.

Siku zile fundi hakuwa na ruhusa ya kufungua karakana yake bila kuingia katika chama cha mafundi. Judith aliingia mwaka 1633, ingawa wanawake chamani walikuwa wachache sana. Mwaka 1635 mwanafunzi wake mmoja alimwacha, akaenda kwa Frans Hals, mchoraji mashuhuri wa mji huo. Judith hakunyamaza. Alipeleka mashtaka chamani kudai ada yake, akalipwa sehemu ya alichodai.

Mwaka 1636 aliolewa na mchoraji mwenzake, Jan Miense Molenaer, akazaa watoto watano. Tangu hapo picha zake ni chache. Alifariki mwaka 1660, na jina lake likasahauliwa. Watu walidhani kazi zake ni za Hals au za mumewe.

Sasa sikilizeni vizuri. Judith alikuwa na desturi ya kutia sahihi yake: herufi J na L zilizoshikana, pamoja na nyota. Mwaka 1893 wafanyabiashara wa London walishtakiana kwa picha iliyouzwa pauni 4,500 kama kazi ya Hals. Ilipochunguzwa, ilionekana sahihi ya Judith. Wakapatana bei ipunguzwe. Picha ilikuwa ile ile. Jina tu ndilo lililobadilika! Lakini mtaalamu Hofstede de Groot aliitambua ile nyota, akatafuta na picha nyingine zake. Leo picha ile imo katika jumba la Louvre, mjini Paris, kwa jina la mwenyewe.

Basi, ndugu mwanafunzi, usidharau somo la kuandika jina lako. Miaka 233 baada ya kifo chake, herufi mbili na nyota zilimtolea Judith ushahidi.

Zoezi: Andika jina lako kamili, kisha kazi uliyoifanya kwa mikono yako.