Vitenzi visaidizi: Kiswahili na ndugu zake wa Mto Tana

KITENZI kisaidizi ni kile kinachotangulia kitenzi kikuu ili kuonyesha wakati au hali ya tendo. Katika sentensi 'Mkulima alikuwa akipanda mpunga', alikuwa ni kisaidizi, nacho akipanda ni kikuu. Vyote viwili hubeba kiambishi cha mtenda, kama ilivyo kawaida ya lugha nyingi za Kibantu.

Baadhi ya visaidizi vya kale vimesinyaa vikawa viambishi. Kiambishi -ta- cha wakati ujao kilitokana na kitenzi taka: 'ataka kuja' ikawa 'atakuja'. Ushahidi ungalipo katika 'atakayekuja', ambapo taka hujitokeza nzima. Kadhalika, -me- kilitokana na kitenzi cha kale mala, yaani kumaliza, na -li- kikatokana na li yenye maana ya kuwa.

Mfumo wa sauti nao una sehemu yake. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na viambishi hivyo havipokei mkazo. Ndiyo maana ku- husalia katika 'atakula', 'amekula' na 'alikula', lakini haimo katika 'akala' na 'akila', kwa kuwa -ka- na -ki- huupokea.

Wapo wanaodhani kwamba Kipokomo, kinachozungumzwa Garsen na kandokando ya Mto Tana, ni Kiswahili kilichoharibika. Dhana hiyo si sahihi. Mwaka 1993, wanaisimu Derek Nurse na Thomas Hinnebusch walieleza kwa kina jinsi Kiswahili, Kipokomo, Kiilwana, Kimijikenda na Kikomoro zilivyo lugha za ukoo mmoja, uitwao Sabaki.

Ndugu hawa hufafanuana. Kigiriama, mojawapo ya lugha za Kimijikenda, hutumia kukala kwa maana ya kukaa na pia ya kuwa. Neno hilo ndilo kukaa la Kiswahili, ambalo limepoteza sauti l.

Ujirani nao hubadili lugha. Katika kitabu cha mwaka 2000, Nurse alionyesha jinsi Kiilwana, kilicho juu zaidi mtoni, kilivyoathiriwa na Kiorma, lugha ya Kikushi ya wafugaji.

Hivyo basi, mwalimu anayesahihisha insha ya mtoto Mpokomo ana haki ya kudai Kiswahili sanifu. Hana haki ya kuiita lugha ya nyumbani kwa mtoto huyo kosa. Lugha hiyo ikipotea, Kiswahili kitakuwa kimepoteza shahidi wa historia yake chenyewe.